Mashimo Katika Sakafu ya Mahabusu

Bibi yangu mzaa mama ana miaka themanini na ushei. Huo ushei haujui mtu. Ukimuuliza, anakujibu kwamba siku anazaliwa hakuwa amevaa saa. Tunaishi naye nyumba moja hapa Kivinje, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Ananiita mume wangu, kama mabibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na mke wangu anamwita mke mwenzangu. Hao wawili walishakubaliana zamani kwamba mume wao ni mvivu wa kufua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, somo langu historia. Tangu mahabusu ya zamani ya polisi ilipoezekwa mabati mapya na kufanywa makumbusho, kila mwaka nawapeleka wanafunzi wa darasa la sita kuiona. Ni jengo dogo la mawe na chokaa, chumba cha askari mbele na vyumba viwili vya wafungwa nyuma. Katika chumba cha pili, sakafuni, kuna vishimo vingi vilivyopangwa kwa mistari. Kibao cha ukutani kinaeleza kwamba humo ndimo zilimopigiliwa pete za minyororo ya watu waliofungwa wakiwa wamelala chini. Nimewaeleza watoto habari hiyo miaka minne mfululizo. Mwaka jana niliieleza vizuri kiasi kwamba msichana mmoja alilia.

Basi siku moja tukiwa tunakunywa chai ya asubuhi, Bibi akaniambia, "Mume wangu, nasikia siku hizi watu wanalipa kuingia lokapu."

"Wanalipa, Bibi. Ni makumbusho sasa."

"Sisi tuliingizwa bure," akasema, akachovya kitumbua chake kwenye chai. "Nipeleke nikaone."

Nilidhani ni utani wake wa kawaida. Anaweza kukuambia aliwahi kuolewa na sultani, kisha akaomba umpelekee kiti.

Jumamosi tukaenda. Alivaa kanga mpya, doti nzima, akajipaka wanja kama mtu anayekwenda harusini. Mwongozaji wa wageni pale ni mama wa miaka kama arobaini, mwenyeji wa Newala aliyeolewa huku kwetu. Tunafahamiana kwa sababu ya zile safari za wanafunzi. Alitupokea mlangoni, akamwamkia Bibi shikamoo, akamshika mkono kumsaidia kupanda ngazi.

"Bibi umewahi kufika hapa kabla?" akamuuliza.

"Zamani kidogo," akajibu Bibi.

Chumba cha kwanza wameweka rungu, pingu zilizoshika kutu, kitanda cha chuma na kofia ya askari ndani ya kabati la kioo. Bibi aliitazama ile kofia kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Hii si yake. Yake ilikuwa kubwa, ilimfunika masikio."

"Ya nani, Bibi?" nikauliza.

"Ya askari."

Mwongozaji akanitazama, nami nikamtazama, kwa lile jicho la watu wazima wanaoelewana juu ya mzee. Namwomba Mungu anisamehe jicho lile.

Tukaingia chumba cha pili. Mwongozaji akasimama pale anaposimama siku zote, karibu na dirisha la nondo, akaanza maelezo yake kwa sauti ya chini ya heshima. Akaonyesha mistari ya vishimo. Akasema kwamba viwili vya katikati, vyenye umbo la mraba, inaaminika vilikuwa vya nguzo walizofungiwa viongozi wa wafungwa.

"Inaaminika na nani?" Bibi akauliza.

"Na wataalamu, Bibi."

"Walilala humu, hao wataalamu?"

"Hapana. Walikuja wakapima."

Bibi akanipa mkongojo wake nimshikie. Akajishusha taratibu, mkono mmoja ukutani, mpaka akakaa sakafuni na kunyoosha miguu. Akafuta vumbi kwa kiganja, akatia kidole katika kile kishimo cha mraba kilichokuwa karibu naye.

"Hii ni nyumba," akasema.

"Nyumba ya nani, Bibi?" mwongozaji akauliza kwa upole.

"Nyumba ya bao, mwanangu. Hii yangu. Ile pale ya mwenzangu."

Nilitazama chini. Mistari minne. Kila mstari vishimo vinane. Katika mistari miwili ya kati, kila mmoja una kishimo kimoja cha mraba, mahali pale pale panapokaa nyumba kwenye kila bao nililowahi kuliona. Nimecheza bao tangu nina miaka kumi. Nimefungwa na wazee wa baraza zote za mji huu na mimi nimewafunga baadhi yao. Na miaka minne nimesimama juu ya bao, mbele ya watoto wa watu, nikisimulia minyororo.

"Bibi," nikasema, "wewe ulifungwa humu?"

"Ijumaa mpaka Jumatatu. Hakimu alikuwa amekwenda Lindi. Kaa chini, mume wangu, unanizibia mwanga."

Nikakaa. Mwongozaji naye, baada ya kutazama mlangoni kama kuna mgeni mwingine, akakunja sketi yake akakaa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, Bibi akatueleza. Alikuwa ameolewa si zamani, na babu alikuwa Mafia kwa kazi. Asubuhi ya bamvua, maji yalipokupwa sana, wanawake wa mji walitoka kwenda mwambani kuchokoa pweza, kila mmoja na chuma chake. Bibi akaona pweza katika tundu, akachoma. Alipovuta, pweza hakuja. Akavuta tena, akahisi kuna anayevuta upande wa pili. Tundu lile lilikuwa na midomo miwili, na kwenye mdomo wa pili alikuwa ameinama shoga yake, mwanamke wa mtaa wa pili, naye kachoma pweza huyo huyo.

"Kila mmoja akasema wake," Bibi akasema. "Yeye akavuta, mimi nikavuta. Nikawa na nguvu zaidi. Pweza akatoka, nami nikampiga naye usoni."

"Ulimpiga na pweza?" mwongozaji akauliza.

"Pweza si hupigwa kabla ya kupikwa, ili alainike? Basi yule alilainikia hapo."

Walipigana mpaka kanga zikalowa na ukindu wa vikapu ukakatika. Askari aliyekuwa akipita ufukweni na baiskeli yake akawaamulia, akashindwa, akapuliza filimbi. Aliwaleta wote watatu kituoni: wanawake wawili kama washtakiwa na pweza kama kidhibiti. Akawatia katika chumba kimoja kwa sababu cha kwanza kilikuwa na mwizi wa nazi.

Ijumaa yote hawakusemezana. Kila mmoja alikaa kwenye kona yake ameelekea ukuta. Jumamosi asubuhi askari alileta maharage na vijiko, na shoga yake, bila kugeuka, akasema sakafu hii laini, kijiko kinaingia. Kweli chokaa ilikuwa imeshika unyevu. Wakaanza kuchimba, huyu upande wake na huyu upande wake, mpaka adhuhuri wakawa na bao. Kete walikuwa nazo tayari, visimbi vidogo vya pwani walivyokuwa wamevifunga kwenye pindo za kanga. Bibi alilijua bao kwa kumtazama baba yake barazani, maana kucheza hawakumruhusu. Shoga yake alilijua vivyo hivyo.

"Tukacheza. Hatujaongea bado, lakini tunacheza. Kidogo askari akatia pua kwenye nondo. 'Hapo takata kulia,' ananiambia, yaani nisile, nisambaze kete tu. Mwenzangu akamjia juu, kwa nini anamfundisha mmoja. Akasema basi, atakuwa mwamuzi. Jumapili akafungua mlango akaingia kabisa, akavua kofia, akakaa hapo ulipokaa wewe."

"Mlango ukiwa wazi?" nikauliza.

"Wazi. Hatukutoka. Ningetokaje, nami nimebakiza kumla nyumba?"

Mwongozaji alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, na mabega yanamtikisika.

Siku ya Jumatatu hakimu akarudi, akauliza kidhibiti kiko wapi. Askari akasimama wima akajibu kwamba kidhibiti kimeharibika. Ukweli ni kwamba mke wa askari alikuwa amempika yule pweza tangu Ijumaa ile ile, kwa tui zito, na harufu iliingia kwa dirisha hili hili la nondo. Bibi alisema katika siku zote nne alilia mara moja tu, na si kwa sababu ya kufungwa. Alilia kwa ile harufu. Hakimu akaandika kitu, akafunga kitabu, akasema hakuna pweza, hakuna kesi. Mama yake Bibi tayari alikuwa ameutangazia mtaa kwamba binti yake amekwenda kuwasalimu ndugu Songo Mnara, na babu aliporudi kutoka Mafia akaambiwa hivyo hivyo. Alikufa akiamini kwamba mkewe anawapenda sana ndugu zake wa Songo Mnara.

Kisha mwongozaji akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kazi, "Bibi, sasa mimi niwaambie nini wageni?"

Nilidhani Bibi atamtania, kwa sababu tangu tulipoingia alikuwa akimwangalia kama mtu aliyetoka Newala kuja kumwonyesha njia ya kisimani kwake. Hakumtania.

"Ya minyororo msiyaache," alisema. "Pwani hii watu walifungwa minyororo, na mama yake bibi yangu aliyaona. Lakini msiyaweke mahali yasipokuwepo. Yakiwekwa pasipo pake, siku moja mtoto atagundua uongo huu, na ule ukweli nao hatauamini."

Akaninyooshea mkono nimwinue. Alipokwisha kusimama akaongeza kwamba jina lake lisiandikwe. Waandike wanawake wawili, inatosha.

Kivinje si mji wa kuweka siri. Tulitoka pale saa tano, na mpaka swala ya adhuhuri habari ilikuwa imefika sokoni. Ijumaa iliyofuata mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa Bibi, akaja kula kwetu baada ya swala kama kawaida yake. Mjomba ni mwalimu wa madrasa, mtu wa heshima zake, kanzu yake haina kunyanzi hata kwenye upepo. Tangu nikiwa mtoto ana msemo mmoja wa kutukanya: katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukanyaga polisi.

Siku hiyo hakugusa chakula. Alikaa mkekani mbele ya mama yake, akakohoa.

"Mama, kuna maneno nayasikia huko nje."

"Maneno gani?"

"Kwamba ulikwenda pale makumbusho ukasema uliwahi, astaghafirullahi, kuwekwa ndani."

"Basi ni ya kweli."

Mjomba akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemfunga.

"Kwa kosa gani, Mama?"

"Kupigana."

"Kupigania nini?"

"Pweza."

Mke wangu akainuka haraka akasema anafuata maji, ilhali jagi lilikuwa limejaa mbele yake. Mjomba alishika ndevu zake. Alizungumza kwa dakika kadhaa, kwa upole, juu ya heshima ya wazee na ndimi za watu, na juu ya wanafunzi wake watakaosikia kwamba mama yake mwalimu wao ni mtu wa jela. Bibi alimwacha amalize. Aliendelea kuchambua mwiba wa samaki katika sahani yake.

"Na wewe ulikuwemo," akasema.

"Wapi?"

"Lokapu. Ulikuwa tumboni, miezi mitano. Unadhani pweza nilimtaka mimi? Mimi siku hizo nilikuwa siwezi kula kitu. Ni wewe uliyekuwa unamtaka. Wiki nzima hukuniacha nilale, pweza, pweza. Sasa unakuja kuniuliza mimi kosa gani."

Nilimwona Mjomba akihesabu miaka kichwani, akatafuta mahali pa kutokea, asipate. Baadaye akanawa mikono, akala, tena akala vizuri. Alipoaga alimbusu mama yake mkono, jambo ambalo huwa analifanya sikukuu tu.

Bibi akawa sasa amechokozeka. Kila siku alinikumbusha kwamba shoga yake yule yu hai, yuko Tingi kwa binti yake, na kwamba angependa kumwona kabla mmoja wao hajatangulia. Tukakodi bajaji siku ya likizo. Njia nzima Bibi alikuwa akijisemea nani alikuwa akiongoza Jumatatu hakimu alipoingia.

Tulimkuta uani, chini ya kibanda, akipepeta ufuta na wajukuu wawili wa kike. Mkwewe alikuwa amekaa pembeni akitengeneza jembe. Walikumbatiana wale wazee, wakaulizana habari za waliokufa, na ilichukua muda, maana walikuwa wengi. Tukaletewa uji wa mtama. Bibi alipoona salamu zimekwisha, akasema, "Shoga, nimekwenda kuiona lokapu yetu. Bao bado lipo."

Yule mzee akainua uso, akamtazama mkwewe, akawatazama wajukuu.

"Lokapu gani?"

"Ya Kivinje. Mimi na wewe."

"Mimi?" akasema. "Mimi lokapu sijawahi kuiona hata kwa mlango. Labda ulikuwa na mtu mwingine."

Mkwe akacheka kidogo kwa adabu, akaendelea na jembe lake. Uso wa Bibi ulibadilika, nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa amezeeka. Alikuwa amekuja mwendo wote ule kutafuta shahidi, na shahidi amemkana. Akanywa uji wake, akazungumza juu ya ufuta na bei yake. Baada ya kitambo akaniambia, "Mume wangu, jua linakwenda."

Shoga yake akasema atatusindikiza mpaka kwenye bajaji. Walitembea mbele yangu wameshikana mikono, polepole, huyu akichechemea mguu wa kulia na huyu wa kushoto, mimi nikibeba mfuko wa ufuta tuliopewa. Tulipoupita ua wa makuti, pale ambapo mkwe hawezi kusikia, yule mzee akasimama.

"Pweza alikuwa wangu," akasema. "Nilimwona tangu alfajiri, nikaweka jiwe la alama. Wewe ulikuja baadaye."

Bibi alitazama chini.

"Jiwe nililiona," akasema.

"Uliliona."

"Nililiona nikaliondoa. Mtoto alikuwa anamtaka."

Yule mzee akafikiri. Kisha akatoa mkono, akamrekebishia Bibi mtandio uliokuwa umeteleza begani, akasema, "Ungeniambia una mimba ningekuachia. Mimi nilijua Jumapili, ulipotapika yale maharage. Ndiyo maana nikakuacha ukaila ile nyumba yangu."

"Hukuniacha. Nilikula kwa akili yangu."

"Nilikuacha."

Niliwasikiliza wakibishana mpaka dereva wa bajaji akazima injini. Tulirudi mpaka barabara kubwa. Hapo Bibi akaniambia kwamba yule mwanamke ni mwongo tangu zamani, na akafuta macho kwa pindo la kanga, akilaumu vumbi.

Kibao cha makumbusho kimebadilishwa. Sasa kinasema mashimo yale ni bao lililochimbwa na wanawake wawili waliowekwa mahabusu miaka ya mwanzo ya uhuru. Habari ya minyororo imehamishiwa ukuta wa chumba cha mbele, ikiwa na maneno mengi zaidi na ya uangalifu zaidi. Darasa la sita wa mwaka huu waliposikia ni bao, hawakulia. Walilala kifudifudi sakafuni wakaanza kubishana nani atangulie, nami nikashindwa kuwatoa.

Siku hiyo, watoto wakiwa wanavaa viatu nje, mwongozaji aliniita kando. Akaniuliza kama mjomba wangu ni yule mwalimu wa madrasa mwenye kanzu iliyonyooka. Nikamwambia ndiye. Akasema alikuja peke yake wiki iliyopita, baada ya alasiri, akalipa kama mgeni yeyote, akaomba aachwe katika chumba cha pili. Alikaa humo kitambo. Alipotoka hakuuliza habari ya bao wala ya askari. Aliuliza jambo moja tu, kama dirisha lile lilikuwepo tangu zamani au limewekwa juzi.

"Nikamwambia lilikuwepo," mwongozaji akasema. "Akasema alhamdulillahi, basi walikuwa wanapata upepo. Akavaa makubadhi yake akaenda zake."